Wagombea watatu, maji yale yale

Habari zenu jamani, asanteni kwa kuja, najua wengine mmefunga biashara mje hapa. Sitaongea chama leo. Naongea maji, maana wagombea udiwani watatu wameshapita mtaani kwetu na wote wameahidi maji, ukiwasikiliza haraka haraka unaona wamesema kitu kimoja, kumbe sivyo kabisa.

Wa kwanza kasema tukimchagua bili itashuka. Ndugu zangu, bei ya maji haipangwi na diwani. Mamlaka ya maji inapeleka maombi EWURA, yaani mdhibiti wa huduma za nishati na maji, EWURA ndo inasikiliza maoni ya watu alafu inaamua, na mamlaka yenyewe iko chini ya Wizara ya Maji sio halmashauri. Anachoweza diwani ni kwenda kwenye kile kikao cha maoni na bili zetu mkononi aseme watu wangu wanaumia hapa na hapa, na hicho hakukitaja.

Wa pili kaahidi kisima kila mtaa. Hapa naomba tukae kidogo maana linanigusa. Sisi tuko chini ya Mlima Meru, mlima wa volkano, maji yakipita kwenye miamba yake yanabeba floraidi, madini ambayo yakizidi yanaharibu meno. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na ukanda wetu huu kuna vyanzo vinavuka hapo mara kadhaa. Mtoto wangu wa mwisho kakua anakunywa maji ya kisima cha jirani, maji safi kabisa kwa macho, ukiyaweka kwenye glasi huoni kitu. Meno ya utoto yalipong'oka yale mapya yakaota na michirizi ya kahawia, sasa hivi akicheka anaziba mdomo na kiganja. Na nilikua nachemsha kila jioni! Jamani kuchemsha hakuondoi floraidi, mvuke unaondoka floraidi inabaki kwenye sufuria, na mimi nimekuja kujua meno yakiwa yameshaota. Kwaiyo nikamuuliza mgombea pale pale, baba, utapima floraidi kabla hujachimba? Akasema maji ya ardhini ni salama. Mimi kwa jibu hilo kura yangu siwezi kumpa.

Wa tatu, yule mama, hakupigiwa makofi mengi, ila alijua kazi anayoomba. Kasema diwani ndo mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kila kikao atamuita mtu wa mamlaka ya maji aje na ratiba ya mgao, atueleze kwanini mtaa wa juu wanapata usiku wa manane na wa chini hawapati kabisa. Alafu akaongelea bei ya ndoo. Tupige hesabu: uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, ukinunua ndoo kwa mia umelipa 5,000 kwa uniti moja, na mwenye bomba ndani hafiki huko. Asiye na bomba ndo analipa zaidi, na anabeba kichwani. Pia kataja wanaofungulia vyoo mvua ikinyesha, maji machafu yanapita kwenye mitaro hadi mlangoni kwa watu, na hapo kweli halmashauri ina meno, ina sheria ndogo na maafisa afya. Ila hakusema hela ya kumvutia bomba bibi asiye na kipato itatoka wapi, nimemwandikia swali hilo na nataka alijibu mbele yenu.

Jumapili wanarudi wote hapa uwanjani. Mimi ntakuja na chupa ya maji ya kile kisima na bili zangu za miezi sita, na nyie njooni na zenu. Haya, mama wa kitenge cha njano nimeuona mkono, pokea maiki.