Pieter Lieftinck na Gilda Kumi za Mwaka 1945

Mabibi na mabwana,

Jumatano ya tarehe 26 Septemba 1945, Waholanzi waliamka wakakuta noti walizokuwa nazo mifukoni, kabatini na chini ya magodoro zimekuwa karatasi tu. Kila mtu, awe tajiri au kibarua, alikuwa amebadilishiwa gilda kumi (gilda ilikuwa fedha ya Uholanzi) za noti mpya, na hizo ndizo zilizopaswa kumvusha wiki nzima. Familia ya watu watano ilikuwa na gilda hamsini, na mlanguzi asiye na mke wala mtoto, hata kama kasiki lake lilifurika, alikuwa na kumi. Wananchi waliziita gilda hizo kwa jina la Waziri wa Fedha aliyetoa amri ile: kumi ya Lieftinck.

Pieter Lieftinck alizaliwa mwaka 1902, akawa mtumishi katika wizara ya uchumi, kisha profesa wa uchumi mjini Rotterdam. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani, waliokuwa wameikalia Uholanzi, walimkamata, akawa miongoni mwa mateka waliowekwa Sint-Michielsgestel, mahali ambapo wasomi na wanasiasa waliofungwa pamoja walijadiliana usiku na mchana juu ya nchi watakayoijenga wakitoka. Alipokabidhiwa Wizara ya Fedha mnamo Juni 1945 hakuwa mwanasiasa wa majukwaani. Mwaka uliofuata alijiunga na Chama cha Labour cha Uholanzi, kilichokuwa kimeanzishwa Februari 1946.

Hali aliyoikuta ilikuwa hivi. Kwa miaka mitano Ujerumani ilijichotea mali ya Uholanzi na kulipa kwa fedha ambazo Benki Kuu ya nchi hiyo ililazimishwa kuzitoa, hivyo noti ziliongezeka mno huku bidhaa zikizidi kupungua. Bei rasmi zilidhibitiwa na chakula kilikuwa cha mgawo, lakini katika soko la magendo, hasa wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, watu walitoa pete za ndoa na mashuka ili wapate viazi. Vita vilipokwisha, fedha nyingi zilikuwa mikononi mwa waliouza viazi hivyo na waliofanya biashara na adui.

Watu wengi humkumbuka Lieftinck kana kwamba kazi yake ilikuwa kupunguza noti ili bei zisipande. Mimi naona hiyo ilikuwa sehemu ndogo ya kazi yake. Shabaha kubwa ilikuwa kumfanya kila mwenye mali ajitokeze na kueleza ameipataje. Ndiyo maana mwezi Julai alianza na noti za gilda mia moja, ambazo ndizo walanguzi walizipenda kwa kuwa ni rahisi kuzificha, na Septemba akafuata na zote zilizobaki. Aliyetaka noti zake za zamani zihesabiwe alilazimika kuzipeleka benki na kuziandikisha kwa jina lake, zikawekwa katika akaunti iliyofungiwa. Fedha hizo zilifunguliwa kidogo kidogo, na wakati huohuo maofisa wa kodi walikuwa na kumbukumbu ambazo hawakuwahi kuwa nazo. Ndipo zikaja kodi mbili nzito: moja juu ya utajiri ulioongezeka wakati wa vita, nyingine juu ya mali yote kwa mara moja tu. Bila zile akaunti, kodi hizo zingebaki maandishi matupu, kwa sababu huwezi kumtoza mtu mali usiyoiona.

Wale walioishi Kenya mwaka 2019 wanakumbuka noti za zamani za shilingi elfu moja zilivyoondolewa. Ile ilikuwa noti ya aina moja, na wananchi walipewa miezi minne, kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba. Lieftinck, Septemba ile, alizizima zote zilizobaki kwa siku moja. Ubelgiji ilikuwa imetangulia kufanya jambo kama hilo Oktoba 1944 chini ya waziri wake wa fedha, Camille Gutt, ambaye baadaye aliliongoza Shirika la Fedha la Kimataifa akiwa mkurugenzi wake wa kwanza, kwa hiyo Mholanzi huyu alikuwa na mfano wa karibu wa kujifunza.

Alidumu wizarani miaka saba, katika mabaraza kadhaa ya mawaziri. Mwaka 1948 Benki Kuu ilitaifishwa, fedha za Mpango wa Marshall, yaani msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya, zikaanza kuingia, na Septemba 1949, Uingereza ilipoishusha thamani pauni yake, gilda nayo ilishushwa, dola moja ikapanda kutoka gilda 2.65 hadi 3.80. Yote hayo ni mambo mazito, lakini waziri yeyote hodari angeweza kuyatekeleza. Operesheni ya 1945 ilihitaji mtu aliyekuwa tayari kuchukiwa na kila kaya kwa wiki nzima.

Alipoondoka serikalini mwaka 1952, Benki ya Dunia ilimtuma Uturuki kuwa mwakilishi wake. Huko ushauri wake juu ya matumizi makubwa ya serikali haukupendwa, na uwakilishi ule ukakoma mwaka 1954. Tofauti na nyumbani ni dhahiri: Uholanzi alikuwa na sheria, bunge na wananchi waliotaka walanguzi waulizwe, Ankara, mji mkuu wa Uturuki, alikuwa na kalamu tu, na mshauri wa kigeni hawezi kuifungia akaunti ya mtu. Hata hivyo hakuuacha uwanja huo. Kuanzia 1955 alikaa zaidi ya miaka ishirini katika bodi ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya 1960 aliongoza uchunguzi wa Benki ya Dunia kuhusu maji na umeme wa bonde la mto Indus, nchini Pakistan, akihesabu mabwawa, visima na mifereji kwa uangalifu uleule aliouhesabia noti za Waholanzi. Alifariki Julai 1989.

Nakomea hapo, ili tupate nafasi ya maswali.