Nakasu usiku, Kushida mchana: najibu maswali yenu, na kazi ya baa sina

Assalamu alaikum, habari za huko nyumbani, na wakubwa zangu shikamooni. Leo sikupanga kurekodi. Ila tangu niweke ile picha ya taa za Nakasu, mtaa wa baa hapa Fukuoka, Japani, zinavyong'aa juu ya maji, komenti ni zile zile. Mmoja anasema, "Kaka, baa zote hizo hawahitaji mtu?" Mwingine, "Mwenzetu anakula bata Japani, sisi huku vyuma vimekaza." Na kuna shangazi mmoja, simtaji, yeye ameuliza kwa nini kijana wa Kiislamu kutoka Tanga anazunguka kwenye mahekalu ya masanamu. Haya, nawajibu wote. Mtakaoona najimwambafai na mtakaoona nalialia, yote mawili nimeshayasikia.

Tuanze na kazi, maana ndiyo imenijazia WhatsApp. Mimi nipo huku kwa viza ya masomo. Ukiwa na viza hii, kufanya kibarua ni mpaka uombe kibali, na kibali kinagongwa nyuma ya kadi ya ukaazi, hii ambayo unatembea nayo kila mahali. Kinakuruhusu saa 28 kwa wiki. Shule zikifunga likizo ndefu unaruhusiwa saa nane kwa siku. Lakini hicho hicho kibali kinakukataza maeneo ya burudani ya usiku: zile baa ambazo wadada wanakaa na wateja, pachinko, yaani kumbi za mashine za kamari, na mengine ya aina hiyo. Tena siyo kuhudumia tu. Hata kuosha vyombo jikoni, hata kugawa vipeperushi mlangoni, huruhusiwi. Ukikamatwa unaweza kurudishwa nyumbani, na mwenye baa naye ana kesi. Kwa hiyo mtu anaponiambia "niunganishe hapo Nakasu hata kufagia", anaomba kitu ambacho mimi mwenyewe sikiwezi. Nabeba maboksi ghalani, alfajiri.

Na pesa yenyewe? Kima cha chini cha mshahara mkoa huu wa Fukuoka kilipandishwa Oktoba 2024 kikawa yeni 992 kwa saa. Pigeni hesabu: mara 28, kwa kima hicho haikufika yeni 28,000 kwa wiki. Hapo kuna chumba, kuna bima ya afya, kuna barua za pensheni. Ndiyo, pensheni! Ukishafika miaka 20 unaandikiwa, hata kama ni mwanafunzi mgeni, zaidi ya yeni 16,000 kwa mwezi, hadi uende ofisi ya kata kuomba wakusogezee malipo kwa sababu unasoma. Barua yote ni kanji, yale maandishi magumu ya Kijapani. Nilikaa nayo mezani naipiga picha kwa simu initafsirie, simu ikaniambia kitu kuhusu "mzee wa msingi".

Chumba ndiyo usiniulize. Unalipa dhamana, sawa, hata kwetu ipo. Halafu unalipa pesa ya kumshukuru mwenye nyumba kwa kukubali kupokea kodi yako, hiyo hairudi. Halafu kampuni ya kukudhamini, bima ya moto, kubadilisha kitasa. Na kabla ya hapo dalali anapiga simu mbele yako, unamsikia anasema "gaikokujin", mgeni huyo, halafu anashusha sauti na kukuinamia kichwa. Basi, nyumba imekwenda. Nimeyaona hayo. Mwenzangu wa Kenya alipata chumba siku ya kwanza, kwa hiyo siwezi kusema ni kwa kila mtu.

Sasa hiyo bata. Sikilizeni siri yangu: Hakata, sehemu hii ya jiji la Fukuoka, ni mji wa kutembea kwa miguu. Toka uwanja wa ndege mpaka stesheni ya Hakata ni vituo viwili tu vya treni ya chini ya ardhi. Ukishuka hapo, mahekalu yote ninayowaonesha unayafikia kwa viatu vyako. Kushida, hekalu la Kishinto ambalo wenyeji wanasema lilianzishwa mwaka 757, kuingia ni bure. Mle ndani kuna ile kitu mliyouliza ni nini, jukwaa la mapambo refu kama ghorofa, masanamu ya mashujaa na mawimbi yamepandana hadi shingo inauma kuangalia. Hilo ni la sherehe ya Yamakasa, na pale Kushida wanaliacha watu walione karibu mwaka mzima.

Shofukuji ni la Kibuddha, la mwaka 1195, alilianzisha mtawa Eisai aliporudi kutoka China, na wanalihesabu kuwa la kwanza nchini la Zen, moja ya madhehebu ya Kibuddha. Bustani yake kimya, unakaa, hulipi. Tochoji ndipo penye Buddha wa mbao wa mita 10.8, amekaa. Kupiga picha marufuku, ndiyo maana hamjaiona, siyo kwamba nawaficha. Chini ya kile kiti chake kuna njia. Unaingia, unakuta picha za jehanamu, watu wanachemshwa, mazimwi yana marungu, halafu kona moja na taa zinaisha. Giza totoro. Unashika ukuta kwa mkono na kupapasa, mbele yangu bibi wa Kijapani anacheka peke yake. Shangazi, sikusujudu mahali. Nilipapasa ukuta nikatoka. Ijumaa naswali msikiti wa Hakozaki, na huyo imamu nitakupa ukamuulize.

Jioni unavuka daraja dogo kutoka Kushida, upo Nakasu. Ni kisiwa chembamba katikati ya mto Naka na mto Hakata, na ndani yake wamebana baa, lifti juu ya lifti, kila ghorofa ina vibao kumi. Mimi napita. Kuna vijana wa suti wanakuvuta mkono, "bosi, bosi", hao usiwafuate, bili itakuja kama ya hoteli. Baa moja nilijaribu kuingia na wenzangu wa darasani, mzee akatoka akapishanisha mikono kifuani, yaani hapana. Wenzangu Wajapani wakaona aibu kuliko mimi. Tukaenda zetu.

Kinachonikalisha ni yatai, vibanda vya chakula ukingoni mwa mto. Saa kumi na mbili jioni mtu anakokota mkokoteni, anaufungua, benchi la watu wanane hadi kumi, pazia, supu. Alfajiri hakuna kitu, kama mama ntilie aliyefungasha sufuria. Tofauti ni karatasi! Tangu 2013 mji una sheria yake ya yatai. Bei lazima ibandikwe, chakula kibichi hakiruhusiwi, na kibali hakiuzwi. Zamani vibanda vilikuwa vinakaribia kuisha kwa sababu kibali kilirithiwa na mke au mtoto tu. Baadaye jiji likaanza kupokea maombi ya wapya. Hapo nilipiga makofi kwa kweli, ofisi kuamua kumwachia mpishi wa barabarani aishi.

Tatizo langu ni rameni, tambi za supu. Ya Hakata ni mchuzi wa mifupa ya nguruwe, harufu inakupokea kona ya tatu. Kwa hiyo mimi nakula udon, tambi nene za ngano, nauliza kwanza kilichomo, na kila mtu na dini yake na tumbo lake, msiseme nimewahalalishia. Wenyeji wanasema udon ililetwa na mtawa wa hekalu la Jotenji, huyo huyo ambaye wanamhesabu kuwa chanzo cha Yamakasa, 1241, alibebwa kwenye jukwaa akinyunyiza maji mjini kufukuza tauni.

Na waliouliza lini waje: sherehe ya Yamakasa ni tarehe 1 hadi 15 Julai. Siku ya mwisho jukwaa la kwanza linatoka saa kumi na moja kasoro dakika moja alfajiri; hiyo dakika ni ya kuimba kabla ya kuondoka. Tani moja mabegani, kilomita tano, wanaume wanamwagiwa maji. Na siku hizo wabebaji hawali matango, eti tango likikatwa linafanana na nembo ya mungu wao. Hoteli zitakuwa juu, mimi sina chumba cha kulaza mgeni, nasema mapema.

Haya, treni za mwisho ni karibu saa sita usiku, na teksi ya kutoka hapa hadi kwangu ni chakula cha siku tatu. Nakimbia.