Ujira wa Mshona Makuti na Ujira wa Mwezekaji

Waheshimiwa, kina mama, na ndugu zangu wa Malindi,

Tukiuliza kwa nini mwanamke hupokea ujira mdogo kuliko mwanamume, aghalabu tunawatafuta watu wawili wenye kazi moja, kama wahudumu wa hoteli, kisha tunalinganisha mishahara yao. Wapo wanaobaguliwa hivyo. Hata hivyo, linalonisumbua zaidi ni pengo lisiloonekana katika daftari lolote la mishahara, kwa kuwa kazi ziligawanywa baina ya wanawake na wanaume kabla malipo hayajazungumzwa.

Tazameni paa la makuti. Vijijini nje ya mji huu, mwanamke huketi na rundo la majani ya mnazi, akayakunja juu ya ufito na kuyashona moja baada ya jingine, kazi inayochubua vidole na kuumiza mgongo, naye hulipwa kwa idadi ya makuti. Makuti hayohayo yakifika hotelini hupokewa na mwezekaji, ambaye karibu kila mara ni mwanamume, na ambaye hulipwa kwa siku au kwa mapatano ya jengo zima. Kuti likishonwa ovyo, paa huvuja hata likiezekwa na fundi hodari. Basi sioni hoja ya kudai kwamba kushona hakuhitaji ujuzi.

Kenya iliridhia mwaka 2001 Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu ujira sawa kwa wanawake na wanaume, uliopitishwa mwaka 1951, na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe ujira sawa kwa kazi zenye thamani sawa, wala si kwa kazi zinazofanana pekee. Tena mfanyakazi akilalamika, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Huo ni ulinzi mkubwa, lakini mshonaji anayemuuzia mchuuzi mwenye gari hana mwajiri wa kumshtaki. Na hata akipata kibarua cha shamba, kima cha chini cha mshahara wa kilimo hutangazwa kwa amri yake ya pekee, mbali na kile cha mijini.

Kwa hiyo nawasihi wenye hoteli mnunue moja kwa moja kutoka vikundi vya washonaji, kwa mkataba wa maandishi, na bei ya kuti ikadiriwe kwa saa zinazotumika kulishona, kama siku ya mwezekaji inavyohesabiwa.