Hapana, Sifungi Maboksi: Kazi Yangu ya Vifungashio vya Dawa, Pesa na Makaratasi

Habari zenu jamani. Niko kwenye gari, ni saa ya chakula, na kazini kwetu hairuhusiwi kurekodi hata ukuta. Leo sina utangulizi. Kila nikiweka video, hata niwe napika maandazi, lazima mtu aandike kule chini: "Dada, wewe si injinia? Mbona tunasikia unapaki dawa kwenye maboksi?" Anafuata mwingine: "Inalipa shilingi ngapi?" Wa tatu: "Nitafutie na mimi." Nimenyamaza miezi sasa. Najua nikijibu wapo watakaosema najishaua, na nikitaja shida watasema nalalamika huku nakula dola. Semeni tu, leo najibu.

Mimi ni mhandisi mwandamizi wa vifungashio kwenye kampuni ya dawa, hapa New Jersey, Marekani. Sipaki. Zinazopaki ni mashine, na wanaoziendesha nawaheshimu sana, maana wao ndio wa kwanza kuona kitu kimekwenda kombo. Kazi yangu ni kuamua kidonge kikae ndani ya nini, kisha nithibitishe kwa majaribio kwamba hicho kitu kitakilinda mpaka tarehe iliyoandikwa.

Chukueni ile karatasi ya vidonge ya kubonyeza, sisi tunaiita blista. Mbele plastiki, nyuma foili ya alumini. Plastiki ya kawaida, PVC, inapitisha unyevu kidogo kidogo, kwa macho huuoni. Kuna dawa hazijali. Nyingine zikipata unyevu zinaanza kuharibika huku kidonge bado ni cheupe na kizuri. Hizo tunazifunga alumini pande zote mbili, na gharama inapanda, na mnapigizana kelele na watu wa fedha. Halafu zinaingia kwenye kabati la nyuzi joto 40, unyevu asilimia 75, miezi sita. Nyingine zinakaa kwenye joto la kawaida, miaka. Huwezi kuharakisha.

Juzi tulikuwa tunajaribu foili mpya yenye gundi tofauti, ile inayoshika kwa joto. Blista unazizamisha kwenye chombo chenye maji ya rangi ya buluu, unanyonya hewa, kisha unairudisha. Kama kuna upenyo hata wa unywele, maji yataingia. Tukavifungua vitundu kimoja kimoja juu ya karatasi nyeupe. Safi, safi, safi. Kimoja kilikuwa na nukta ya buluu pembeni kabisa, ndogo kama punje ya ulezi. Kimoja tu. Jaribio likasimama pale pale, nikaandika ripoti mpaka saa tatu usiku. Huo uandamizi mnaousikia ndio huo: mtu akiuliza nani alisema foili hii inafaa, sahihi iliyopo ni yangu.

Bibi yangu, kule Muheza, alikuwa na presha. Dukani walikuwa wanamkatia karatasi ya vidonge kwa mkasi, sita sita, kwa sababu hela aliyokuwa nayo ilikuwa ya vidonge sita. Upande wenye tarehe unabaki dukani. Akifika nyumbani anavibonyeza vyote, anavifunga kwenye pindo la khanga pamoja na sarafu zake. Ukivigusa kesho yake vimelainika, vinaacha unga kidoleni. Nilikuwa mtoto, nikadhani dawa ndivyo zilivyo. Simlaumu bibi, wala mwenye duka. Ila kila nikisaini ripoti, lile pindo la khanga huwa naliona.

Haya, pesa. Kiasi sikitaji, kwa sababu mtazidisha kwa shilingi na mtaona nyumba Mbezi, wakati pango la hapa halilipwi kwa hesabu hiyo. Nitawaambia makato. Miaka ya mwanzo, nikiwa bado na hadhi ya mwanafunzi, sikukatwa pensheni ya serikali. Msamaha huo ni wa miaka 5 ya kalenda. Nilikuja 2016, kwa hiyo Januari 2021 nikafungua hati ya mshahara nikakuta wamechukua asilimia 6.2 ya pensheni, na 1.45 ya matibabu ya wazee, juu ya kodi ya serikali kuu na ya jimbo. Mshahara wenyewe haujapanda hata senti. Mwezi huo huo nyumbani nilikuwa nimeshaahidi bati.

Na makaratasi. Chuo nilichosoma nyumbani kilinisumbua miezi minne kupata matokeo yangu kwenye bahasha iliyofungwa. Mara mhusika yuko likizo, mara muhuri haupo. Jina langu la kati limeandikwa kwa herufi moja tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye pasipoti, nikaanza kutafuta wakili na kiapo. Baada ya kusoma shahada ya pili, unaruhusiwa kufanya kazi mwaka 1, na fani kama yangu inaongezewa miezi 24. Baada ya hapo ni bahati nasibu ya viza ya kazi: nafasi 65,000 kwa mwaka, na 20,000 za waliosoma shahada ya juu hapa hapa. Nilikosa 2019. Nikakosa 2020. Nikapata 2021, muda wangu ukiwa ukingoni.

Sasa hili naomba mnisikilize. Agosti ile ya 2021 bibi alifariki. Ombi langu la kubadilisha hadhi, kutoka mwanafunzi kwenda mfanyakazi, ambalo linafuata baada ya ile bahati nasibu, lilikuwa bado mezani kwa watu wa uhamiaji, na ukitoka nchini wakati huo linahesabika umeliacha. Sikuwepo mazikoni, sikuwepo arobaini. Kwenye kundi la familia mtu wangu wa damu akaandika kwamba dola zimenisahaulisha aliyenilea. Sikujibu siku ile. Leo ndiyo nimejibu.

Wa "nitafutie na mimi", siwezi. Septemba 2025 ilitangazwa kwamba mwajiri anayepeleka ombi jipya la viza hii ya kazi kwa mtu aliye nje ya nchi atadaiwa dola 100,000, na masharti yanabadilika kila mara. Njia iliyonifaa mimi ilikuwa uhandisi kemia nyumbani, kisha shahada ya vifungashio Michigan, ambako Chuo Kikuu cha Michigan State wanafundisha fani hii tangu 1952. Ni ya kwangu hiyo. Mwingine amepita Ujerumani, mwingine yuko kiwandani Nairobi na analala kwake. Usiuze kiwanja kwa sababu ya video yangu.

Ninachoweza kuwapa wote ni hiki. Ukikatiwa vidonge dukani, mwambie muuzaji akuandikie kwenye bahasha tarehe ya mwisho na namba ya toleo (ile ya "batch") kabla hajaweka mkasi. Na usivibonyeze vyote. Toa kimoja unapokimeza, vingine viache ndani.

Dakika sita zimebaki, narudi ndani. Ile foili yenye nukta ya buluu inajaribiwa tena mchana huu.