Mzazi Mlangoni: Mazungumzo na Wazazi wa Watoto Wanaojifunza Dansi

Wazazi wenzangu, walezi, na walimu mliokimbilia viti vya nyuma kabisa, asanteni kwa kuja.

Nafundisha dansi watoto wadogo, na wangu wawili wanafundishwa na mwalimu mwingine, kwa hiyo mlango wa darasa naujua pande zote mbili. Leo nataka tuuzungumzie huo mlango. Mara nyingi una kioo kidogo, na nyuma ya kioo hakukosi mzazi. Mwalimu anasema, "Mkono juu." Watoto wote wanainua, isipokuwa mmoja. Yeye anageuka kwanza kumtazama mama, na mama huko kiooni anampungia: juu, juu! Ndipo anainua, mdundo umeshampita. Wiki ijayo utampita tena, nasi tutasema mtoto hana sikio la muziki. Sikio analo. Shida yake ana walimu wawili.

Mtoto wa miaka minne anajifunza nini mle ndani? Kusubiri zamu, kusimama bila kumkanyaga mwenzake, kusikia muziki umeanza na umekoma, kuruka kwa mguu mmoja. Hatua rasmi za baleti walimu wengi huziacha mpaka afike kama miaka saba au minane. Kwa hiyo ukichungulia ukaona wanatambaa kama mijusi, na mmoja amelala chali anahesabu taa, usidhani ada yako inaliwa. (Huyo wa taa mara nyingi ndiye anayekumbuka wimbo wote akifika nyumbani.)

Haraka ni ya kwetu sisi wakubwa. Misty Copeland alianza baleti akiwa na miaka 13, umri ambao wengi wangemwambia keshachelewa, na mwaka 2015 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza wa kike kupandishwa kuwa mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la Marekani. Rudolf Nureyev, mmoja wa wachezaji baleti mashuhuri zaidi duniani, aliingia shule kubwa ya baleti ya Leningrad (leo St. Petersburg, Urusi) mwaka 1955 akiwa na miaka 17, tena baba yake hakutaka kusikia habari za dansi. Sisemi wanenu watakuwa akina Nureyev. Nasema tu kwamba mtoto wa miaka mitatu hajachelewa kitu.

Na haraka hiyo ingeishia mdomoni nisingewasumbua kuja. Inaumiza miili. Mifupa ya mtoto hurefuka penye gegedu (sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa) lililo karibu na ncha zake, na gegedu hilo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Ndiyo maana viatu vya kusimamia ncha za vidole hapewi mtoto wa miaka minane, hata alie vipi. Walimu makini kwa kawaida husubiri kama miaka 11 au 12, na hata hapo hutazama kwanza: kifundo cha mguu kina nguvu? Kiwiliwili kinatulia? Amefundishwa miaka ya kutosha? Na msamba vilevile. Ukimkuta mtu mzima anamkandamiza mtoto mapaja ili yafike sakafuni, mchukue mwanao uondoke naye, hata kama ukuta mzima umejaa vikombe vya ushindi. Kugeuza miguu nje nako hutoka kwenye nyonga. Nyonga zikigoma na nyayo zikalazimishwa, magoti ndiyo yanayolipa.

Halafu kuna kipindi kinachovunja mioyo katika nyumba nyingi. Mtoto anarefuka ghafla, suruali ya juzi inaishia juu ya kifundo. Mifupa imetangulia, misuli inafuata taratibu. Aliyekuwa akipiga msamba huku anacheka sasa hafiki chini. Aliyekuwa akizunguka bila kuyumba anajikuta ameegemea ukuta. Mwenyewe haelewi kilichompata, anajitazama miguu kama ya kuazima. Na hapo ndipo tunapomwita mvivu! Wengine wanaacha dansi wakati huo huo, wakiamini kipaji kimekwisha, kumbe walihitaji kupunguziwa miruko na kuvumiliwa miezi kadhaa.

Kuhusu mavazi ya onyesho nasema moja tu: ulizeni bei kabla ya kuandikisha mtoto.

Je, akisema hataki tena? Muulize anachokikataa hasa ni kipi. Pengine soksi ndefu zinamwasha. Pengine rafiki yake amehamia darasa la siku nyingine. Pengine mwalimu amemwambia mbele ya wenzake kwamba ana tumbo kubwa. Hilo si la kungoja, nenda ukaonane naye siku hiyo hiyo, mtoto akiwa hayupo. Au pengine ameichoka dansi kweli, anataka mpira. Kama wenzake wanamtegemea kwenye onyesho, amalize muhula, kisha aende zake mpirani.

Naona mikono imeshainuka. Tuanze na baba pale dirishani. Maswali ya viatu naomba yaje mwisho, maana tukiyaanza hatutoki humu.