Katalogi Ni Mali ya Nani?

Ndugu wakutubi, nanyi mafundi wa kompyuta mliojibanza nyuma kama ilivyo desturi yenu: wanaonifahamu wanajua kwamba neno linaloninyima raha ni "bure". Kila ninapozungumzia programu huria za kuendeshea maktaba, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, mtu huniuliza kama kweli hazilipiwi, na nikishajibu kwamba leseni zake hazina ada, hufunga daftari lake kwa kuwa amekwisha kupata alichokifuata. Kisha programu husimikwa na kijana wa kujitolea, kijana huondoka na nywila zote kichwani, seva huzimika, na wakuu wa taasisi huhitimisha kwamba cha bure hakifai.

Mwaka 1999, Horowhenua Library Trust ya Nyuzilandi ilikuwa na mfumo mkongwe ambao usingeweza kuvuka salama kuingia mwaka 2000, kwa sababu ya ile kasoro ya tarehe iliyoitia dunia nzima hofu. Badala ya kununua mfumo mwingine uliofungwa, iliafikiana na kampuni ndogo ya Katipo Communications iandike mpya, nao ukaanza kazi mwanzoni mwa Januari 2000. Wangeweza kuishia hapo, lakini waliutoa mfumo ule chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza, kwa sharti kwamba anayeusambaza asiwanyime wengine haki hizo hizo. Wakauita Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Tena si zawadi ya kupokea na kutokomea nayo, bali ile inayotazamiwa kurejeshewa nyingine. Sisi tuna kikoa, leo kwako kesho kwangu, na mla cha mwenziwe na chake huliwa. Maneno hayo mawili yamefanana sauti kwa bahati tu, wanaisimu wasinikamate, ila maana zake zinakaribiana kuliko "Koha" na "bure". Hata maktaba isiyo na mtaalamu wa Perl, lugha ambayo Koha imeandikwa kwayo, ina cha kurejesha: kueleza kasoro hatua kwa hatua hadi mwingine aweze kuirudia, kusahihisha tafsiri ya skrini, au kuandika mwongozo unaosomeka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Niliwahi kuitwa na maktaba iliyokuwa ikihama kutoka mfumo uliofungwa. Mwuzaji, ambaye sitamtaja, alipoombwa rekodi alikabidhi faili moja ambamo jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka vilikuwa vimeshonwa pamoja katika safu moja, kama kanga iliyofuliwa na rangi zake zikachujiana. Kila rekodi ilikuwa imeundwa na mkutubi wa maktaba ile kwa mkono wake, ikiwa na mwandishi katika uga, yaani sehemu yenye namba yake, wa 100 na jina la kitabu katika uga wa 245, kwa kufuata MARC, muundo wa kuandikia rekodi za katalogi ulioanzishwa na Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, miaka ya 1960 chini ya Henriette Avram ili rekodi ziweze kuhama. Kazi ya miaka ilibidi ichambuliwe upya, na mkataba, tulipousoma, haukuwa na hata sentensi moja juu ya siku ya kuachana.

Mtasema hata programu huria humnasa mtumiaji asiweze kuhama. Ni kweli kwa kiasi chake, na sitaficha: Koha, inapotumia MARC 21, toleo la MARC linalotumika sana, huweka taarifa za nakala katika uga wa 952, ambao mfumo mwingine hautauelewa mpaka ufasiriwe, na wasomaji, maazimo na faini havimo ndani ya MARC kabisa, vimo katika majedwali ya hifadhidata. Lakini majedwali hayo yako katika MySQL au MariaDB, programu huria za hifadhidata, unaweza kuyafungua mwenyewe, na maelezo ya kila safu yako wazi. Tofauti ni kati ya kazi ngumu na mlango uliofungwa kwa ufunguo wa mtu mwingine.

"Tukikwama tumpigie nani?" Nalisubiri swali hilo kila mara. Mpigie mtu uliyemlipa! Zipo kampuni zinazouza huduma kwa programu hizi, na ukichoshwa na moja unabadili kampuni bila kuhamisha hata rekodi moja. Kwa wanaodai kwamba hizi ni za maktaba ndogo, Evergreen, programu nyingine huria ya maktaba, ilianza kazi mwaka 2006 katika jimbo la Georgia, Marekani, kwa ajili ya PINES, mtandao wa maktaba za umma zaidi ya 250 zinazotumia katalogi moja.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi juu ya kanuni za kuazimisha na misimbo mistari, nayo yatabaki mfukoni. Juu ya matoleo mapya niseme tu kwamba Koha hutoa toleo kubwa Mei na Novemba, na asiye na mtu wa kuyafuatilia asianze. Nakala rudufu ambayo hamjawahi kuirejesha kwenye mashine nyingine na ikafunguka, msiihesabu. Na kabla ya zabuni yoyote, huria au isiyo huria, mwombeni mwuzaji awatolee rekodi 100 zenu katika MARC, pamoja na wasomaji na maazimo yao, hapo hapo mezani.

Karibuni maswali, isipokuwa lile la bei.