Sare Si Nguo

Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, Mtwara mjini

Shikamooni mama zangu, shikamooni wazee. Wadogo zangu, marahaba. Najua mmeniamkia kimoyomoyo. Hicho kipaza sauti kizimeni, kinalia kama mbu. Nimeshindana na kelele za cherehani miaka 26, ukumbi huu haunishindi.

Tuliomba kila mtu aje na sare moja ambayo hajaigusa tangu shughuli yake ilipokwisha. Naona mifuko. Naona kuna aliyekuja na salfeti nzima. Wekeni chini, tutafika huko.

Mwenyekiti ameniandikia hapa nizungumzie "matumizi binafsi katika ununuzi wa mavazi". Maneno mazito hayo. Mimi nina jambo langu moja, na wanaonijua wamelichoka: sare si nguo. Sare ni mchango. Ukinunua kitenge cha sare umechangia shughuli ya mwenzako, sawasawa na ulivyotoa 10,000 ukaandikwa kwenye daftari la kamati. Ila mchango huu unarudi nao nyumbani, unautundika kabatini, na kila ukifungua kabati unakudanganya kwamba una nguo.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, mvua inapiga bati, akaingia kibandani kwangu mama mmoja na fuko. Mteja wangu wa siku zote, mwajiriwa, mshahara wake anaupata. Akalimwaga fuko mezani. Nguo 14. Nikazitambua kama mzazi anavyotambua wanawe, maana 11 kati ya hizo nilizishona mimi. Ile ya kijani yenye tausi, ya kumtoa mwali Chikongola. Ile ya chungwa, harusi ya binamu yake Masasi. Zambarau, kicheni pati. Zambarau nyingine, kicheni pati nyingine, kamati ile ile! Akaniambia, "Fundi, nitengenezee hizi nipate za kuendea kazini. Sina nguo."

Nikacheka. Nilikosea kucheka, maana alikuwa hatanii. Alikuwa na sketi mbili za kazini, moja imechakaa makalio, na kabati ambalo mlango haufungi.

Tukageuza kalenda tukaandika nyuma yake. Kitenge, mshono wangu, kilemba: ukichukua wastani, 45,000. Mara 14 ni 630,000. Akaiandika, akaikata, akaandika tena, utadhani ikiandikwa kwa mwandiko mzuri itapungua. Hapo hatujagusa nauli ya Masasi, wala khanga za kutunzia, wala vile viatu vya dhahabu vilivyovaliwa kwa muda wa saa nne tu vikaachia soli. Miezi 16 tu hiyo, mama zangu. Na katika miezi hiyo 16, nguo aliyojinunulia kwa kuwa yeye anaitaka ilikuwa blauzi moja ya mtumba.

Basi nikamwambia tuone kinachookoleka. Hapa ndipo watu hawanielewi, wanadhani fundi ana uchawi. Sare haigeuki! Nguo unayotaka ikae nawe naikata na akiba ya mshono ndani: ukinenepa nafumua, ukipungua nabana. Sare inakatwa kwa kitenge kilichopimwa kwa kubana matumizi, kwa mshono wa kwenye simu uliotumwa jana kwa shughuli ya kesho kutwa, mabega wazi, kiuno kimekaza, chini imetanuka. Akiba ya kufumulia itoke wapi? Na kitenge chenyewe kamati imetafuta cha bei ndogo ili watu 50 wakimudu, hailaumiwi. Ukikifua mara ya pili, beseni zima linakuwa la kijani na tausi kahama.

Weka na hewa yetu ya baharini. Anayeishi Shangani au Mikindani anajua: zipu ya chuma iliyokaa bila kuvaliwa inaota kutu, ikija mvua bitana inaota ukungu. Katika zile 14 tulipata sketi tatu na blauzi mbili. Zilizobaki zikawa foronya za mito na matambara ya jikoni. Foronya za gharama kuliko zote Mtwara.

Najua mnachotaka kusema. "Nisipovaa sare nitasemwa." Utasemwa, ndiyo. Mimi nimesemwa mpaka nikasikia utamu. "Wewe si mwenzetu?" Mimi ni Mmakonde wa Newala, nimechezwa unyago, nimewacheza wanangu wawili, mwali nimemtoa kwa ngoma. Sijaja kuwaambia mwache. Kuna wageni wakija huku wanaona korosho imeuzwa na ngoma inalia, wanaandika kwamba watu wa kusini hawajui kutunza fedha. Hawajui wanachokiona. Unapomtunza kwa zawadi mwana wa mwenzako, unaweka kwake; zamu yako ikifika atakuja. Hiyo ni akiba, tena ya zamani kuliko hivi vikundi vyetu. Na ukiwa mjomba huku kwetu ndiyo usiseme, mjomba hana pa kujificha. Mjomba yule pale nyuma anatikisa kichwa, anajua.

Ninachodai ni mahali pa kuandika. Fungu la shughuli liwe na jina lake na kiasi chake kwa msimu mzima. Sare itoke humo. Fungu likikauka mwezi wa kumi na moja, shughuli ya mwezi wa kumi na mbili unakwenda na nguo yako nzuri unayoipenda, unatoa bahasha, unacheza ngoma kuliko wenye sare. Na fungu la mavazi lisiguswe na kamati yoyote. Mkichanganya ndiyo yanakuja ya yule mama: fedha ya nguo imekwenda, na nguo hakuna.

Bibi zetu walikuwa na sare pia. Sare yao ilikuwa khanga! Doti moja, jina moja, wote mmefunga. Kesho yake hiyo hiyo inaendewa kisimani, inabeba mtoto, inafunika mgonjwa, ikizeeka inapangusia meza. Sikumbuki bibi yangu kuwa na khanga iliyomaliza kazi siku ya harusi. Mkikaa kwenye kamati zenu, pendekezeni khanga. Au kilemba tu kiwe cha kufanana, chini kila mtu avae chake. Nimeona shughuli moja Naliendele wamefanya hivyo, picha zimetoka vizuri na hakuna aliyekufa.

Mwingine pale mbele ananitazama kwa jicho la upande. Anasema moyoni, huyu mnafiki, nyumba kaijenga kwa sare. Kweli, nimeijenga. Oktoba mnada wa korosho ukianza, mpaka Januari silali, naongeza mafundi wawili wa siku. Lakini acheni niwaambie nilijuaje kwamba ninachoshona si nguo.

Msimu wa 2018 mnaukumbuka. Serikali ikatangaza kununua korosho kwa 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakaja kuzisomba. Watu wakanikopa mshono kwa kusikia redio tu, nami nikakubali, nani asingekubali? Malipo kwa wengi yakachelewa. Nikabaki na nguo 40 zimekwisha, zimepigwa pasi, zinaning'inia, na wenyewe wakipita wanavuka upande wa pili wa barabara. Sawa, mtu hana fedha, namwelewa. Lakini sikilizeni: fedha ilipokuja baadaye, waliokuwa wamenipa suruali, gauni la Idi, shati la kazini, walikuja kukomboa. Wenye sare hawakuja. Waje kuchukua nini? Shughuli imepita! Nikishusha bei hadi nusu, hawataki. Nikisema chukua bure unilipe ukipata, ananiambia "Fundi, niipeleke wapi?" Tatu ninazo mpaka leo, ukija dukani nitakuonyesha. Nguo inayokufa siku shughuli inapokwisha, hiyo ni nguo gani?

Tangu hapo sishoni sare kwa mkopo. Na mtu akinambia amechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, ili alipie sare, namrudishia kitenge chake mkononi. Kuna aliyenitukana. Alilipa riba ya kitenge mpaka mwali akapata mimba.

Haya, nacheka lakini muda unakwenda.

Januari. Wale wale wa Novemba wananiletea kaptura ya shule ya kaka nimpunguzie mdogo, na inambana. Fedha ya korosho ikiingia, kitambaa cha sare za shule kinunuliwe siku hiyo hiyo, kikae. Hiyo ni sare inayovaliwa siku tano kwa wiki, hapo nafuta usemi wangu wa mwanzo.

Mtumba. Vijana mnaona aibu, mnakimbilia nguo mpya ya dukani ya kitambaa cha nailoni, kwenye joto hili, mnanuka saa tano asubuhi. Sisi tuliokuwa shuleni mwanzoni mwa miaka ya 80, kitambaa kikiwa cha foleni, hatuna aibu hiyo. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke taratibu, iko wapi? Belo linafunguliwa kila kukicha. Kwa hiyo jueni kuchagua. Igeuze ndani nje. Tazama kwapani, tazama katikati ya miguu, pandisha zipu mara tatu, inua kitambaa kwenye mwanga. Pamba inakunjamana ukiifinya, hiyo chukua. Na usinunue ya "nitapungua". Ya kupunguza naiweza, ya kupanua siiwezi, na wewe hupungui.

Nilitaka kusema juu ya wanaume na jezi, maana mnawacheka mama zenu na kila ligi ikianza mnajua mnachofanya. Na hawa wanaouza kwenye simu, picha gauni, ukiletewa leso. Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi.

Cherehani nimekuja nayo, iko nje chini ya mwembe. Leteni hizo sare nizione moja moja, inayookoleka nitawaambia, isiyookoleka nitawaambia pia, msinune. Kufumua leo bure, kushona upya tutaelewana. Waanze waliotoka Nanguruwe, gari lao linaondoka saa tisa. Mwenye salfeti, wewe subiri mwisho.